Makipa Wawili, Timu Sita

Nairobi,
Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku shamba la mawe. Sisi hatujambo, ila magoti yananiuma kana kwamba nilicheza mimi. Simu zako tatu za jana niliziona baadaye. Wakati ulipokuwa ukipiga, nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la mpira kando ya barafu, nikimfunga mtoto wa watu mikanda ya pedi, na mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi.

Mashindano ya magongo ya barafuni yalifanyika. Nianze na hilo, maana wewe ndiye uliyeniambia nikija kufaulu utakula kofia yako. Shule sita, zote za upili, wasichana na wavulana wakicheza pamoja, palepale kwenye uwanja wa barafu wa Panari, Barabara ya Mombasa. Unakumbuka mwaka wa 2005 uwanja ule ulipofunguliwa, tulikwenda kuchungulia watu wakianguka, mfukoni hatuna hata nauli ya kurudi? Jana nimeingia na daftari, firimbi shingoni na watoto arobaini na wawili. Mlinzi akaniuliza kama tumekuja kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa.

Kwa nini nilijitia katika shughuli hii, wengi wameniuliza. Wewe unajua habari za Ice Lions, timu ya Kenya ya magongo ya barafuni. Wamecheza hapo miaka na miaka, tatizo lao kubwa likiwa si barafu bali mpinzani: hapakuwa na timu nyingine nchini ya kushindana nayo. Mwaka wa 2018 walipelekwa Kanada ndipo wakacheza na wageni, na nyota wawili wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi zao wakacheza upande wao. Mwaka wa 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Hayo yote ni mazuri, lakini mtoto wa kidato cha pili anataka mtu wa kumfunga bao Jumamosi hii, mtu wa shule jirani anayemjua kwa jina. Basi nikasema, mpinzani tutamtengeneza wenyewe.

Mazoezi tulifanyia kwenye maegesho ya walimu, kwa viatu vya magurudumu, kama tulivyofanya sisi zamani pale Sunken Car Park, katikati ya jiji, Jumapili. Fundi mmoja wa viti alitukatia visahani vya mbao, vya kupiga badala ya mpira. Nikawaambia vijana wasicheke, kwani mechi ya kwanza kuandaliwa ndani ya jengo, Montreal mwaka wa 1875, ilichezwa kwa kisahani cha mbao vilevile, ili kisiruke kikawapiga watazamaji. Walicheka tu.

Visahani halisi, vile vya mpira mweusi, hugandishwa kabla ya mechi. Vikiwa na joto hudundadunda. Nikaviweka vinane kwenye friza ya kantini ya shule tangu Alhamisi. Mama wa kantini akavikuta, akaniita pembeni kwa sauti ya chini, akaniuliza kama mwalimu siku hizi ninatumia dawa gani hizi za kienyeji.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipopotea njia, na nataka wewe usipotee hapohapo.

Barafu hulipiwa kwa saa. Tulichangisha wazazi tukapata saa tatu, dakika 180, si moja zaidi. Nikakaa usiku na kalamu. Makundi mawili ya timu tatu tatu, mechi sita za makundi, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu, fainali: mechi kumi. Kwa kuwa uwanja ni mdogo, haukaribii ule wa kimataifa wa mita 60, nikaweka wachezaji watatu na kipa kila upande, na mechi ya dakika 12 saa ikitembea bila kusimamishwa. Hizo ni dakika 120. Dakika tatu za kubadilishana timu mara tisa, 27. Dakika 15 katikati za kulainisha barafu. Jumla 162. Nikabaki na 18 za kombe na hotuba. Hotuba, ndugu yangu! Niliiandika kabisa, kurasa mbili.

Nilichosahau ni kwamba vifaa vya kipa tulikuwa na seti mbili tu. Za kuazima.

Mchezaji wa kawaida akitoka, anatoka. Kipa si hivyo. Ana pedi za miguu zinazomfika mapajani, kila moja na mikanda yake nyuma. Ana kinga ya kifua kama godoro, suruali iliyojazwa sifongo, glavu moja ya kudakia na nyingine yenye ubao, helmeti ya chuma usoni. Mechi ya kwanza ikaisha vizuri, nikapuliza firimbi, nikatazama saa. Tukawavua wale wawili, tukawavika wawili wengine. Vitu vimelowa jasho, mikanda imekaza, vidole vimeganda, mmoja mguu wake mkubwa, mwingine mwembamba kama fito. Saa nikaitazama tena: dakika 13. Nikapiga hesabu kichwani, 13 mara tisa, nikahisi jasho langu mwenyewe ndani ya ile baridi.

Nikawaita walimu watano wenzangu kwenye lango la kuingilia. Nikasema, makipa waliovaa sasa hawavui. Watakaa golini mwao, kila mmoja upande wake, na timu zitarushiana sarafu kujua nani analindwa na nani. Mpaka mapumziko ya kulainisha barafu, ndipo tuwavike wawili wa mwisho bila kula muda wa mtu. Wakanitazama kama nimerukwa na akili. Mmoja akauliza, "Na kipa akiangukia upande wa wapinzani wa shule yake?" Nikamjibu atalinda goli, ndiyo kazi yake. Nilisema kwa ujasiri kuliko niliokuwa nao.

Kati ya wale wawili kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mdogo wa umbo, ambaye hata kwenye magurudumu alikuwa akitembea zaidi ya kuteleza. Mechi ya tatu, ya nne, ya tano, akalinda shule za watu. Ikafika ya sita, shule yake yenyewe inahitaji ushindi ili iingie nusu fainali. Sarafu ikarushwa. Ikamtupa upande wa pili.

Ningependa ungekuwepo. Zikabaki kama dakika mbili, sifuri kwa sifuri, kijana mmoja wa shule yake akatoka na kisahani peke yake. Huyu wanakaa dawati moja. Hesabu wanafanya pamoja. Akaja mbio, akayumbisha fimbo kushoto, akapiga kulia. Msichana hakuanguka na ule ujanja. Alishuka kwa magoti yote mawili, pedi zikalala kwenye barafu zikatandazwa nje, na kile kisahani kikagonga pedi ya kulia mlio wa kofi. Uwanja ukanyamaza kwanza. Kisha wale wapinzani wakamrukia wote watatu.

Mechi ikaisha hivyohivyo, shule yake ikatoka. Mwalimu wao alinijia uso umekunjamana, akasema sijawahi kuona mtu anafungiwa mlango na mtoto wake mwenyewe. Nusu ya maneno yake ni haki, sikubishana naye. Lakini nilipogeuka nikamwona yule kijana wa dawati moja amepiga magoti mbele ya kipa, anamfungua mikanda ya pedi mmoja baada ya mwingine, kimya. Alipofika wa mwisho akasema, "Jumatatu utafute pa kukaa." Msichana akacheka mpaka helmeti ikamshuka puani.

Mengine nitakueleza kwa kifupi. Hakuna aliyeumia zaidi ya mdomo mmoja uliopasuka, kwa kuwa kugongana kwa mwili tulikataza tangu mwanzo. Marefa walikuwa vijana wawili wanaocheza hapohapo, wakali kuliko baba zao. Mechi ya mshindi wa tatu niliifuta. Hotuba sikuisoma, na hakuna aliyeiulizia. Fainali ilichezwa huku familia zimeshapanga foleni mlangoni na viatu vya kukodi mikononi. Embakasi wakashinda bao moja kwa bila, kombe likatolewa kwenye ngazi za nje, manyunyu yakitunyeshea.

Kinachonichoma ni wale makipa wawili wa kwanza. Walicheza dakika 12 tu, basi. Mmoja alikuwa ameamka saa kumi alfajiri atoke Ngong. Alipewa chapati na chai ya flaski na mama wa mwenzake, akakaa kwenye benchi na boshori yake akishangilia kila mtu, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi. Nimemwahidi safari ijayo ataanza yeye, na hatavua mpaka achoke.

Nawe ulisema utaleta wale watoto wako wa magurudumu. Waje. Treni ikiwashusha Syokimau, nitakuja na basi la shule, ni barabara hiyohiyo moja kwa moja. Ila wafundishe kuanguka kabla hawajafundishwa kukimbia, na wakianguka wakunje ngumi, kwa sababu nyuma yao kuna mtu mwenye visu miguuni. Soksi ndefu, jozi mbili kila mmoja. Na usiniambie watu wa Pwani hawana sweta, waazime kwa wajomba. Kama huko bandarini una mtu anayeweza kupata seti ya tatu ya kipa, hata iliyochakaa, hata yenye harufu, mpigie leo kabla hujamaliza kusoma.

Msalimie shemeji na watoto. Mahamri aliyoniahidi sijayasahau.

Ni mimi,
mwalimu mwenzako wa magongo

Tena: visahani sita vimerudi, viwili vimepotea. Mama wa kantini anasema ikifika Jumanne sijaviondoa kwenye friza yake, atavipika.