Barua ya Malalamiko: Afisa Wenu Alimwaga Maji Niliyoleta Yapimwe

Kwa Meneja Mkuu wa kampuni inayotuuzia maji ya kisima,

Bwana Meneja,

KUH: MAJI MACHAFU MTAANI UTAWALA NA KITENDO CHA AFISA WENU WA KAUNTA

Pokea salamu zangu. Mambo ya mkataba na masharti ya wateja sitayagusa, kwa kuwa mliyaandika wenyewe na mnayajua.

Jumatatu iliyopita nilifika ofisini kwenu na chupa ya maji niliyoyateka kwenye mfereji wangu. Niliomba kwa adabu yapimwe. Afisa wa kaunta aliifungua, akanusa, akayamwaga yote kwenye chungu cha maua kando ya mlango, kisha akanirudishia chupa tupu. "Mama, we chemsha tu," akasema, na papo hapo akamwita mtu wa nyuma yangu. Sikuandikiwa chochote, wala hakuniuliza naishi wapi.

Maji yenyewe ni hivi. Mkifungulia alfajiri, mfereji hutoa hewa kwanza, halafu maji ya rangi ya kijivu yenye utando juu. Mtungi wa kwanza hujaa hayo. Wa pili huwa afadhali kwa macho, lakini ukiinamisha uso unasikia harufu ya choo, na harufu hiyo haiishi hata maji yakilala ndooni usiku kucha. Fundi yeyote wa mabomba atawaambia kinachotokea. Pampu ikizimwa, bomba hubaki tupu, na palipo na ufa bomba hilo hufyonza chochote kilicho nje yake. Nje ya bomba lenu, pale kwenye mtaro wa nyuma ya ploti zetu, kuna maji taka. Bomba limelala ndani yake. Niliripoti jambo hilo kwa simu mvua zilipoanza, nikaahidiwa fundi, na hadi leo hajaonekana.

Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na kijidudu hata kimoja cha E. koli, kile kinachotoka kwenye kinyesi, katika mililita 100, na yanapofika kwa mteja yanapaswa kuwa bado na klorini, dawa ya kuua vijidudu, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Mlipima lini? Mlipimia wapi, kisimani au kwenye mfereji wa mteja? Nairobi ilipata kipindupindu mwaka wa 2017 na hakuna aliyesahau. Mnaposukuma maji yanayonuka choo kwenye nyumba zenye watoto wachanga, mnajua mnachocheza nacho.

Na hilo neno "chemsha". Mwanangu ameanza kuota meno ya ukubwani, na yametoka na madoa ya kahawia. Daktari wa meno alitazama mara moja tu akauliza kama tunatumia maji ya kisima. Ni floraidi, madini yanayotoka ardhini na kuyeyuka majini. Visima virefu vya Nairobi vinachimbwa kwenye miamba ya volkano, na maji yake mara nyingi hupita miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kampuni inayouza maji ya kisima haiwezi kusema hailijui hilo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yanapopungua sufuriani, yanayobaki huwa na floraidi kali zaidi. Kwa hivyo kila nilipomchemshia mtoto maji kwa gesi ninayoinunua kwa shida, nilikuwa namzidishia. Madoa hayo hayafutiki kwa mswaki. Ndiyo meno atakayoishi nayo.

Naomba nirudi pale kaunta, maana sijamaliza. Chupa ile niliichemsha kwanza ikiwa tupu, iwe safi. Niliteka maji kabla hakujapambazuka, nikabandika karatasi yenye tarehe na saa, nikaizungushia kitambaa kibichi na kuipakata kwenye matatu hadi mjini, kwa sababu maji ya kupimwa vijidudu yanatakiwa kufika yakiwa baridi, ndani ya saa chache. Afisa wenu hakuisoma ile karatasi. Simu ilikuwa sikioni mwake wakati anamimina. Alimimina polepole, hadi tone la mwisho, huku watu wote kwenye foleni wakitazama. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia, "Kijana, mheshimu mama." Akajibiwa, "Mzee, ngoja zamu yako." Soja wa mlangoni aliinamisha kichwa. Yeye aliona haya, afisa wenu hakuona. Kifuniko hakunirudishia.

Jioni ya siku hiyo hiyo nikapokea ujumbe wenu: nilipe bili, la sivyo nitakatiwa maji.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo mawili tu, afisa huyo aniombe radhi na maji yapimwe. Hayo hayatoshi tena. Bomba litolewe kwenye mtaro. Tangi lioshwe na litiwe dawa. Majibu ya vipimo, vya vijidudu na vya floraidi, yabandikwe kwenye lango la kila ploti mnayoihudumia, yakiwa na muhuri wa maabara, na vipimo vifanywe kwenye mifereji yetu. Mnirudishie fedha za bili tangu siku niliporipoti ule mtaro, na gharama ya daktari wa meno ni yenu.

Nawapa siku saba. Siku hizo zikipita sitalipa bili yenu hata shilingi moja, na majirani wa ploti yetu wameshakubaliana nami. Nitamleta afisa wa afya ya umma wa kaunti achukue maji mwenyewe mbele ya mashahidi, na nakala ya barua hii itafika kwa bodi inayodhibiti huduma za maji, WASREB. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari, kulindwa afya yake na kulipwa fidia anapodhurika, hata muuzaji akiwa kampuni ya binafsi. Nitavitumia vyote viwili mahakamani.

Chupa nyingine nimekwisha kuijaza. Hiyo haitafika kaunta yenu.

Wako,
Mteja, Utawala, Nairobi