Tope la Mto Ruvu lipimwe mvua inaponyesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyopima maji ya Mto Ruvu, mto unaotegemewa na wakazi wengi wa Dar es Salaam na Pwani kwa maji ya bomba, na ambao chimbuko lake ni miteremko ya Milima ya Uluguru tunakolima mahindi, mihogo, migomba na viungo.

Kila masika mto hubadilika rangi, na mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hulazimika kupambana na tope. Pale mitamboni tope hupimwa kwa bidii, kwa sababu bila kipimo hicho haijulikani shabu, dawa ya kutuamisha tope, itiwe kiasi gani. Lakini kipimo cha mtamboni hueleza tu kwamba udongo umefika. Hakielezi kama umeporomoka kutoka bonde la kijito cha Mvuha, kutoka kile cha Mfizigo, au kutoka ukingo wa barabara iliyochongwa mlimani bila mitaro. Huko juu, kwa nilivyoshuhudia katika miaka yangu ya kazi ya ugani, sampuli huchukuliwa mara chache, na aghalabu wakati wa kiangazi, magari yanapoweza kupita.

Hapo ndipo tunapokosea. Mito ya mlimani hupanda na kushuka kwa saa chache. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa manane, maji huwa mekundu alfajiri na yakaanza kuangaza kabla ya jua kutua. Sehemu kubwa ya udongo unaopotea kwa mwaka mzima husafiri katika siku chache za namna hiyo, kwa hiyo sampuli ya mwezi wa Agosti, hata ikipimwa katika maabara bora kuliko zote, haiwezi kutuambia mlima unapoteza nini.

Napendekeza kazi hii wakabidhiwe wasomaji wa vipimo vya kina cha maji, ambao wanaishi vijijini kando ya mito na tayari husoma vipimo hivyo asubuhi na jioni. Wapewe chupa, wafundishwe kuchota maji mto unapopanda, unapofikia kilele na unaposhuka, na waandike juu ya kila chupa saa na kina cha maji. Sampuli ya tope si kama ya vijidudu, ambayo huharibika isipofika maabara upesi. Inaweza kusubiri hadi barabara ikauke. Maabara itayachuja maji hayo, itaukausha udongo uliobaki kwenye chujio katika joto la nyuzi 105 na kuupima uzito, kisha uzito wa udongo katika kila lita ukizidishwa kwa wingi wa maji yaliyopita tutajua ni tani ngapi za udongo zimetoka katika kila kijito.

Haja hii inazidi kuwa kubwa sasa ambapo Bwawa la Kidunda linajengwa juu ya mto huo huo ili lihifadhi lita bilioni 190. Kila tani ya udongo inayotua bwawani huchukua nafasi ya maji, na kuzuia udongo shambani ni rahisi kuliko kuuchimbua chini ya bwawa.

Ninasisitiza pia kwamba takwimu hizo zisomwe katika mikutano ya vijiji na zisigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia mkulima. Mwaka 1955 wananchi wa Uluguru waliipinga serikali ya kikoloni kwa kuwalazimisha kuchimba matuta, na walikuwa na sababu za msingi, kwani katika ardhi yenye udongo mwembamba matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba. Leo tunasisitiza zaidi sharti la kutofanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sharti hilo lina maana yake, ila utepe wa kupimia hauoni udongo unaotoka shamba la juu kabisa, wala fosforasi inayoshuka ikiwa imeshikamana nao, ambayo mkulima aliinunua kama mbolea.

Naiomba ofisi ya bonde, inayosimamia maji ya mto huu, iweke katika bajeti yake chupa, daftari na posho za wasomaji hao kabla ya masika yajayo, ikianza na Mvuha na Mfizigo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Matombo, Morogoro