Mlango Mpya wa Land Rover: Kwa Nini Tunauvua Rangi Uliyokuja Nayo

Juzi mteja alitugombeza mbele ya mafundi wote. Tumemtoza praima (rangi ya kwanza inayoshika bati), naye mlango kaununua mpya, mweusi, "ushapigwa praima". Lalamiko hili limezidi, tena linatuumiza.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina, usugue ile rangi nyeusi. Ikibaki mlangoni, ilishikishwa kwa umeme kiwandani. Tunaipiga msasa na kuendelea, na bei inapungua. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo ni rangi ya safari tu, ya kuukinga mlango njiani. Ukipaka rangi juu yake, siku itakapobanduka itabanduka na vyote. Jaribio hili tunalifanya mwenye gari akitazama, na huyu wa juzi aliliona.

Mlango wa Defender, ile Land Rover ya umbo la zamani, una fremu ya chuma ndani na bati la alumini nje, limekunjwa pembeni kuibana fremu. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: unga mweupe, kisha malengelenge. Hata milango halisi ya Solihull, kiwanda cha Land Rover Uingereza, inaugua hivyo. Ya kuiga huwahi zaidi, kwani mara nyingi ndani ya mkunjo hamna hata tone la rangi. Kwa hiyo tunavua, tunapiga msasa, na praima ya epoksi inaingia siku hiyohiyo, maana alumini iliyokwanguliwa hailazwi. Mkunjo tunauziba kwa silanti, gundi ya kuzuia maji. Vitundu vya chini vya kutolea maji tunavizibua. Tumepokea milango ambayo fundi mwingine alivijaza puti, ule udongo wa kusawazisha bati, akidhani ni kasoro!

Mwenye gari moja la kubeba samaki alikataa bei yetu, akapakiwa puti juu ya bati tupu mahali pengine. Masika ya pili alirudi. Ukibonyeza ukingo wa chini, kidole kinazama. Alinunua mlango mara ya pili, akalipa rangi mara ya pili.

Kabla ya yote hayo tunaufunga mlango kwenye bawaba ukiwa haujapakwa rangi, tupime mianya. Mmoja ulikuja umejipinda hadi kona ya juu ikatokeza nje upana wa kidole. Kwa kuwa haukuwa umepakwa, duka liliubadilisha. Ndiyo maana mlango peke yake hatuupokei. Njoo na gari, na risiti.