Risala ya Jumuiya ya Bondeni, Kigogo, kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa 2024

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mchungaji wa Usharika wetu,
Mwinjilisti na Wazee wa Kanisa,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko,
Wanakwaya, wanajumuiya na watoto wote,

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa majirani zetu, asalaam aleykum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetuamsha salama Jumapili hii ya tarehe 27 Oktoba 2024, siku tunayoadhimisha Sikukuu ya Matengenezo pamoja na miaka 30 ya jumuiya yetu. Pili tunakushukuru wewe. Tunajua una kazi za ujenzi zinazokusubiri na familia inayokuhitaji siku ya mapumziko. Tunajua pia kwamba gari lako limebaki kule juu barabarani, ukashuka kwa miguu, na vijana wetu wakakushika mikono kukuvusha juu ya zile nguzo mbili zilizolazwa kwenye korongo letu. Sherehe hii ingeweza kufanyika kanisani, ng'ambo ile, penye maegesho. Kamati iliamua kwa kauli moja ifanyike huku kwetu.

Kuhusu historia tutasema kwa ufupi. Jumuiya ilianza mwaka 1994 ikiwa na kaya saba zilizosali chini ya mkorosho, na leo ina kaya 46. Marehemu mama yako mzazi alikuwa miongoni mwa kaya zile saba kabla hamjahamia Mbezi, na wazee waliopo hapa wanaikumbuka sauti yake ya kuanzisha nyimbo. Karibu sana nyumbani.

Katika miaka hii 30 tumepata mafanikio makubwa sana. Tumenunua viti 60 vya plastiki, turubai moja kubwa na masufuria manne ya pilau, hatua iliyotuwezesha kujitegemea kikamilifu katika misiba na sherehe, kiasi kwamba jumuiya nyingine sasa zinakuja kuazima kwetu. Kwaya yetu imeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya usharika na jina lake limevuma. Vijana 11 wamepata kipaimara mwaka huu, na wanne waliolelewa hapa wamefika chuo kikuu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimewainua akina mama wa genge, wa chapati na wa samaki wa kukaanga. Mungu ametenda, nasi tunajivunia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa lile lililotufanya tukuite.

Korongo ulilovuka asubuhi hii, mwaka 1994 mtoto wa darasa la tatu aliliruka. Wazee watakuthibitishia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikala kingo. Yakaja mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu wengi hapa Dar es Salaam na kusababisha baadhi ya ndugu zetu wapelekwe Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na korongo likapanuka tena. Ardhi yetu ni ya mchanga, haishiki. Kule juu viwanja vyote sasa vimeezekwa bati na kusakafiwa, maji hayana pa kunywewa, kwa hiyo mvua ya nusu saa inashuka yote kwa pamoja. Tena kuna siku jua linawaka huku kwetu, lakini mvua imenyesha milima ya Pugu. Mto Msimbazi ukijaa unayarudisha maji kwenye korongo letu, na watoto waliotoka shule wanakuta njia imefungwa bila tone kuanguka. Leo kutoka ukingo hadi ukingo ni mita tisa. Njia ya kuzunguka ni dakika 50 kwa miguu, na mvua ikizidi hiyo nayo hukatika.

Tumewahi kuambiwa kwamba dawa ni kuhama. Tunaijua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na zile mita 60 kutoka kingo za mto. Waliokuwa ndani ya mita hizo wameshaondoka, na sisi tuliobaki tuko nje ya mpaka huo. Kanisa, shule, zahanati na kituo cha daladala viko ng'ambo. Hatuwezi kuacha kuvuka.

Tunaomba turuhusiwe kueleza mambo mawili tuliyoyaona kwa macho yetu mwaka huu.

La kwanza ni la masika, Jumapili moja ya mwezi wa Aprili. Nguzo zilikuwa zimesombwa na maji yalifika kiunoni. Vijana wetu walikuwa wanavusha watu mgongoni kwa shilingi 500. Hatuwalaumu, ni kazi ya hatari na wao pia wana njaa. Bibi mmoja wa jumuiya hii, umri wake umepita miaka 80, alikuwa na noti ya elfu moja aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Alilipa 500 kwenda, akatunza 500 ya kurudi. Kapu la sadaka lilipofika kwake, alifungua lile pindo, akaitazama sarafu ya kurudia nyumbani, akalifunga tena taratibu, na machozi yakamtoka. Baada ya ibada Mwinjilisti alimfuata akamwambia, "Bibi, usilie, huku hakuna kiingilio." Bibi akajibu, "Kiingilio nimeshalipa kule mtoni, mwanangu."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo ni Sikukuu ya Matengenezo. Tarehe 31 Oktoba 1517, mtawa Martin Luther alitoa hoja 95 kule Wittenberg, Ujerumani, kwa sababu watu maskini walikuwa wanauziwa vyeti vya msamaha. Akasimama kwenye neno la Mtume Paulo kwa Waefeso, kwamba tumeokolewa kwa neema, na neema ni kipawa cha Mungu. Kila mwaka tunalihubiri hilo, na tunaliamini kwa moyo wote. Ndiyo maana jibu la yule bibi limetukosesha usingizi. Madhabahuni neema ni bure, lakini kwa mwana wa Mungu anayeishi bondeni, njia ya kufika madhabahuni inalipiwa 500 kwenda na 500 kurudi.

Habari zile zilisambaa. Jumapili iliyofuata, kijana mmoja wa Kiislamu anayevusha watu pale alimwona bibi anateremka na fimbo yake, akaenda akachuchumaa mbele yake, akasema, "Panda tu bibi, wewe huhesabiwi." Tangu siku ile hajapokea senti kwa mzee yeyote, wa dini yoyote. Mimi ninayesoma risala hii nimesikia mahubiri mengi juu ya neema, lakini maneno ya kijana yule hayajanitoka. Yupo hapa leo, amekaa nyuma karibu na jiko. Tunaomba tumpigie makofi.

(Makofi)

Ahsanteni. Lakini mgongo wa kijana mmoja hauwezi kuwa daraja la kaya 46. Mwezi Mei alikanyaga chupa ndani ya maji yale machafu akashonwa nyuzi saba.

La pili ni msiba, nao ulitokea Aprili hiyo hiyo. Familia inayohusika imeturuhusu tuutaje. Mzee wetu alifariki, na mwili ulipaswa kuvuka kwenda kanisani. Jeneza lilifungwa turubai na kamba za manila, wanaume sita wakaingia nalo majini, maji yakawafika kifuani, wakalipandisha vichwani. Wanne kati ya sita hawakuwa Wakristo. Mimi nilikuwa ukingoni nimeshika viatu vyao, jozi sita, nimevikumbatia kifuani. Katikati ya korongo mmoja aliteleza na kona ya jeneza ikagusa maji. Hakuna aliyepiga kelele. Mjane wake aliona, akageuza uso. Mchungaji alikuwa anangoja upande wa pili, joho limekunjwa hadi magotini, akapiga hatua akaingia majini kulipokea. Katika Injili ya Marko, watu wanne walimbeba rafiki yao aliyepooza hadi wakatoboa dari ili afike kwa Yesu, na Bwana aliiona imani yao. Tunaamini aliwaona na wale sita. Hata hivyo, Mheshimiwa, hatutaki kumzika mwingine kwa namna ile.

Sasa tuseme kuhusu ahadi, na tunaomba tusieleweke vibaya, maana tunakuheshimu sana.

Jumuiya ina daftari gumu la rangi ya bluu ambalo katibu hulitunza. Ukurasa wake una safu nne: tarehe, aliyeahidi, alichoahidi, na siku ahadi ilipotimizwa. Mwaka 2016 mgeni rasmi wetu aliahidi lori tatu za kokoto. Mwaka 2019 mwingine aliahidi saruji mifuko 100, akapewa jogoo na mama zetu wakamvisha kanga. Mwaka 2022 wa tatu alisimama hapa hapa, akasema daraja lote liko mikononi mwake na tusihangaike tena, na kwa kumtii tukasitisha michango yetu kwa miezi 14. Safu ya nne ya ukurasa ule ni nyeupe mpaka leo. Tuliandika barua, tukapiga simu, tukatuma ujumbe wa kusalimia wakati wa Krismasi na Pasaka. Majina yao hatuyatamki, na hatutayatamka.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mwezi uliopita, katika ibada ya nyumba kwa nyumba, tulisoma habari za kusamehe saba mara sabini, na mzee mmoja akauliza tunawezaje kusali Baba Yetu huku tumeyatunza madeni ya watu kwenye daftari. Palikuwa na mjadala mkali, kusema kweli. Wapo waliokataa kabisa. Mwishoni tulipiga magoti, kisha katibu akachora mstari juu ya majina yote matatu, na pembeni akaandika neno moja: Imesamehewa. Tumefanya hivyo kwa moyo mweupe, maana na sisi tumesamehewa mengi. Ukurasa unaofuata ni mtupu, una tarehe ya leo tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa, leo usituahidi kitu. Hatukukualika kwa sababu ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwezi ujao, wala wewe si mgombea. Tumekualika kwa sababu wewe ni mkandarasi, unajua chuma kinavyokaa juu ya zege, na kwa sababu mama yako alivuka hapa.

Tunachohitaji ni kivuko cha waenda kwa miguu. Fundi wetu ameshapima. Ni vyuma viwili vya mita 12, vikae juu ya misingi ya mawe na zege pande zote mbili, na vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vya kuzuia ukingo usiliwe. Sakafu iwe juu ya alama ya rangi nyekundu tuliyoichora ukutani pale maji yalipofika mwezi Aprili. Upana uwe mita mbili, ili jeneza lipite na wabebaji wake kulia na kushoto, na kiti cha magurudumu kisikwame. Mikono ya kushikia iwe pande zote mbili, kwa ajili ya wazee na watoto wa shule na wa madrasa.

Gharama yote, ukiondoa ufundi, ni shilingi 14,600,000. Tulizonazo benki ni 3,215,500. Fedha hizo zimetokana na michango ya nyumba kwa nyumba na minada baada ya ibada. Jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mara saba Jumapili moja mpaka akafikisha shilingi 140,000, na majirani zetu wa msikitini walichangia bila kuombwa. Pungufu ni shilingi 11,384,500. Ufundi tunautoa sisi wenyewe: tuna waashi watatu, wachomeleaji wawili, na vijana wa kuchimba msingi usiku na mchana. Lori mbili za mawe zimeshamwagwa, umezipita pale. Barua ya kuomba kibali imepita kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, na nakala utakabidhiwa pamoja na risala hii.

Kinanda cha kwaya na bati za banda tulikuwa tumeviandika pia kwenye maombi yetu, tukavifuta.

Vuli imeshaanza kunukia. Ombi letu ni kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 1 Desemba, bibi yetu avuke kwa miguu yake mwenyewe akiwa na sadaka yake yote kwenye pindo. Zimebaki wiki tano. Tunatumaini, na tumaini letu liko kwa Mungu kwanza. Ndiyo maana baada ya ahadi tatu bado tumepika pilau na kukuita.

Baada ya chakula utakaporudi kwenye gari, fundi wetu atakuwa amesimama ukingoni na futi kamba na karatasi ya vipimo. Tunakuomba usimame naye dakika kumi, umwambie ukweli kama vipimo viko sawa, na utuambie kipi kinaweza kufika hapa Jumatatu ijayo, hata kiwe kimoja. Katibu atakuwepo na daftari.

Ahsante sana kwa kutusikiliza. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Ni sisi wanajumuiya wa bondeni,
Risala imesomwa na Katibu kwa niaba ya Kamati.