Mililita 500 kwenye kanga

Shosti wangu wa kitanda cha chini,

Za masiku? Za nyumbani, na kale kadogo homa ilishaisha? Voisi yako niliisikiliza juzi natoka kol, zamu ya usiku, asubuhi, niko kwenye daladala nimesinzia, nikaishia katikati, nikaja kuirudia nyumbani. Nimeona nikuandikie tu maana nikijibu kwa voisi nitasahau nusu ya ninachotaka kusema. Umesema wamekuweka kwenye kamati ya kupitia mtaala wa MD, digrii ya udaktari, na unataka kujua mi naonaje, ile miaka mitano ilituandaa kweli kwa internishipu, ule mwaka wa mazoezi hospitalini, na hii residensi, masomo ya ubingwa, niliyoanza? Jibu ninalo, ila linaanzia kwenye kanga, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Hii sijawahi kukuhadithia. Nilikuwa interni, nimetoka wodi ya watoto ndo naanza uzazi, usiku wa tatu tu leba. Mama mmoja uzao wa nne kajifungua vizuri kama saa saba usiku, mtoto kalia, kondo limetoka zima, kila mtu kashukuru Mungu nikaenda kuandika mafaili. Baada ya kama nusu saa sista wa zamu ananiita, dokta hebu njoo umwangalie huyu mama naona kama analegea. Nikaenda. Kanga aliyolalia imelowa, nikaitazama, kwa macho yangu nikaona ni damu ya kawaida ya mtu aliyetoka kujifungua, nikashika kalamu nikaandika kwenye faili ametokwa damu mililita 200. Shosti, hiyo 200 niliitunga pale pale nimesimama.

Yule sista ni mama wa makamo, alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Hakubishana na mimi. Aliivuta ile kanga taratibu, ilikuwa ya njano, yale maandishi ya chini hata hayasomeki tena, kumbe chini yake kuna kanga nyingine, na chini ya hiyo kuna makintoshi, lile shuka la mpira, na pale makintoshi ilipobonyea damu imetuama imeanza kuganda kama ini. Akaichukua ile ya juu akaikamua kwenye beseni, ikatiririka kama nguo uliyoitoa kwenye maji sasa hivi. Akaniambia, mwanangu, hii sio 200, hapa tunaitafuta lita. Na mkono wake mwingine ulikuwa tayari juu ya tumbo la yule mama anasugua kizazi, yaani alishaanza kazi wakati mi bado nimeshika kalamu.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio, oksitosini ya kubana kizazi uniti 10, kanula mikono yote miwili, dripu, tranexamiki ya kuzuia damu gramu 1, ndugu wakaamshwa wakachangie damu, nikampigia bingwa. Mama alipona, siku ya nne akatoka na mtoto wake. Lakini mi sikulala asubuhi ile wala ya kesho yake. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hilo somo nilikuwa nalijua! Zile T nne, sababu nne za mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ningekutajia hata usingizini, na kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kawaida ni hatari niliandika kwenye mtihani nikapata alama zote. We unakumbuka tulivyokuwa tunaulizana usiku, we kitanda cha chini mi cha juu, taa imezimwa. Ila katika miaka mitano yote hakuna aliyetuonyesha 500 inafananaje. Ikiwa kwenye kanga inafananaje, ikichanganyika na maji ya uzazi inafananaje, ikijificha chini ya mgongo wa mama aliyelala inafananaje.

Na sio mi peke yangu. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023 nadhani umeusoma, walifanya kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Kule walikoendelea kukadiria kwa macho, katika kila akina mama 100 waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa 51 tu. Kule walikowekewa ule mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo na wahudumu wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiriana, wakagunduliwa 93, na matatizo makubwa ya kutokwa damu yakapungua kwa asilimia 60. Nilipoisoma nililia kwa kweli, nikamkumbuka yule sista na beseni lake.

Sasa sitaki kamati yako ione nakilaumu chuo kwa kila kitu, hapana. Kumklaki mgonjwa, yaani kumhoji na kumpima, tulifundishwa vizuri mno. Nikikaa na mgonjwa nusu saa nakutolea historia iliyonyooka, nampima kichwa mpaka miguu, nakupangia magonjwa matano yanayowezekana na kwa nini. Hilo lilitokana na wale walimu waliokuwa wanatusimamisha kwenye raundi mpaka magoti yanatetemeka, na nawashukuru. Tatizo ni kwamba longi kesi, ule mtihani wa kumklaki, ina mgonjwa mmoja, ametulia, anajua kabisa kuna wanafunzi wanakuja, na we una muda. Usiku wa kol kuna wagonjwa thelathini na mbili, watatu wanaumwa sana kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekufundisha uanze na yupi.

Halafu simu. Hili naomba ulisimamie maana watu watalichukulia dogo. Ile mara ya kwanza nampigia bingwa, usiku ule ule wa kanga, nilianza kama nilivyofundishwa, mgonjwa ni mama wa miaka 32, ameolewa, mkulima, Mkristo, mkazi wa sehemu fulani, alifika akilalamika... bingwa akanikatiza, dokta unataka nini? Nikanyamaza, maana hata mi nilikuwa sijajiuliza nataka nini. Nilitaka aje, ndo jibu, ila naogopa kumwambia mkubwa njoo. Sentensi ya kwanza ilitakiwa iwe mama anatoka damu baada ya kujifungua, ameshapoteza kama lita moja, presha inashuka, naomba uje sasa hivi. Dini na shughuli vingesubiri. Kuna interni mwenzangu alikuwa anaogopa kupiga simu kabisa, anavumilia na mgonjwa mpaka kunakucha, kwa sababu aliwahi kufokewa mara moja. Mtu wa hivyo hajakosa elimu, ana hofu tu, na hofu hiyo tulipandikiziwa kule kule kwenye raundi ambako kusema sijui ilikuwa ni aibu. Walimu hao hao ninaowashukuru. Yote mawili ni kweli.

Kukabidhi wagonjwa asubuhi nako hivyo hivyo. Hatukuwahi kufundishwa, unaiga uliowakuta. Wenzetu Marekani mwaka 2014 chama chao cha vyuo vya udaktari kilitoa orodha ya mambo 13 ambayo mhitimu anatakiwa aweze kuyafanya siku ya kwanza ya residensi bila mtu kumsimamia pembeni, na kukabidhi mgonjwa imo, kumtambua mgonjwa wa dharura na kuanza kumhudumia imo, kuomba ridhaa imo. Mazingira yao sio yetu, residenti wao ni mwajiriwa analipwa mshahara na mi hapa ni mwanafunzi nalipa ada, ila wazo la kukaa chini mkaandika siku ya kwanza ataweza nini, hilo mngeweza kulifanya hata kesho. Muwaite na masista wa leba kwenye hicho kikao, sio maprofesa tu. Wao ndo wanatupokea tukiwa wabichi, wanajua tunakosea wapi.

Nikwambie na la sasa. Nilidhani nikija residensi hili litakuwa limeisha, maana nimefanya internishipu na miaka miwili ya hospitali ya wilaya ambako mara nyingi daktari wa usiku ni mi peke yangu. Sasa hivi interni ndo ananipigia mimi. Wiki mbili zilizopita kanipigia binti mmoja saa kumi alfajiri, akaanza, mgonjwa ni mama wa miaka 27, ameolewa... nikamkatiza, unataka nini? Maneno yale yale, sauti ile ile. Akanyamaza. Nikashuka leba nikamkuta amesimama na faili kifuani na macho mekundu. Tulipomaliza na mgonjwa nikamwomba msamaha, nikamnunulia chai na chapati, tukakaa nikamwonyesha namna ya kupiga simu, tukajaribu mara tatu, yeye interni mi bingwa, ya tatu alisema vizuri kabisa. Ilichukua dakika kumi, shosti. Miaka mitano haikuwa na hizo dakika kumi.

Sasa nikuombe vitu viwili uvipeleke kwenye kamati. Cha kwanza, nunua rosela kavu, ichemshe ikolee, pima mililita 500 mimina kwenye doti ya kanga iliyokunjwa, halafu 1000 kwenye nyingine, uweke na makintoshi chini, na kwenye beseni, uwaambie MD wote wa mwaka wa tano wapite wakadirie mmoja mmoja waandike. Halafu waikamue wenyewe wapime, mikono yao iloe. Sio mwalimu awaonyeshe picha, waikamue. Kanga mbili tatu za zamani ninazo, nitakutumia kwa basi.

Cha pili ni simu, kila mwanafunzi kabla hajamaliza apigiane simu ya usiku na mwalimu kweli kweli, usiku, na mwalimu asifoke.

Kikao umesema ni tarehe 20. Tarehe 18 natoka kol na siku inayofuata niko ofu, kama unaweza kunikaribisha nakuja nalala kwako, tufanye hilo jaribio la rosela jikoni kwanza tuone inakaa rangi sawa. Usiweke sukari tu, itaganda kwenye kanga.

Msalimie shemeji, na kale kadogo kapigie busu.

Wako wa kitanda cha juu