Chumba nacho kiuzwe kwa kupima

Mhariri,

Mimi ni mama muuza samaki wa kukaanga, Mbagala. Nimepanga chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Hiyo "kwa mwezi" ni maneno tu, maana hakuna anayeipokea kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, 480,000, kwa mkupuo. Nilipohamia, dalali naye alichukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo alishanitoza hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo tulipofika vilikuwa na watu tayari.

Hela hiyo sina pa kuitoa isipokuwa kwenye mtaji. Alfajiri niko Feri mnadani, mchana nakaanga, jioni nauza. Mauzo ya jana ndiyo samaki wa leo. Kodi ikifika, mzunguko unakatika. Safari iliyopita nilikopa kwa hawa wa kausha damu, rejesho kila siku, uuze usiuze. Nikashuka kutoka vibua mpaka dagaa, mafuta nikayarudia hadi yakawa meusi, na wateja wana macho. Wakahamia meza ya jirani.

Watu wakilalamikia kodi husema imepanda. Ni kweli imepanda, lakini 80,000 naiweza. Nikitenga 3,000 kila siku inatimia na chenji inabaki. Kinachoniangusha ni kuitoa ya nusu mwaka siku moja.

Sisi tunaopata hela ya siku kwa siku tunanunua mafuta ya kula ya kupima, mkaa wa kopo, bando la siku, umeme wa Luku wa 2,000. Kila mfanyabiashara wa mji huu ameshaijua hali yetu, akapunguza kipimo. Chumba peke yake ndicho kinachouzwa kwa gunia. (Na hiyo Luku, tangu Agosti 2021 inakatwa kodi ya jengo, ambayo tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo si langu, ila Luku nanunua mimi na wapangaji wenzangu. Hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Mwenye nyumba wangu si mtu mbaya. Kwa hela zetu anamalizia nyumba ya pili Chamazi. Mwaka jana aliezeka, sasa anazungumzia madirisha. Benki anaiogopa, kwa hiyo sisi wapangaji ndio benki yake, tena isiyodai riba. Riba nailipa mimi kule kwa kausha damu.

Ilikuwepo sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005. Sidai irudi yote. Naomba iandikwe tu kwamba mpangaji asidaiwe zaidi ya kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, mkataba uwe wa maandishi, na nakala moja ikae ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye nyumba anayehofia mpangaji kuhama usiku na deni, amana ndiyo kinga yake.

Nyie waandishi mnaokwenda Dodoma kwenye vikao vya Bunge, mtuulizie Wizara ya Ardhi: mpangaji wa chumba kimoja analindwa na kifungu gani siku anapoambiwa lete ya miezi sita au toa vyombo?

Muuza samaki,
Mbagala, Dar es Salaam