Barua kwa mwanangu muuguzi: habari za Juliana

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila tunakukumbuka sana. Uliposema kwenye simu kwamba somo la dawa linakuelemea, nilimkumbuka mwanamke mmoja, nikaona nikuandikie habari zake.

Jina lake Anicia Juliana, wa Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul. Valentinian III, babu yake mzaa mama, alikuwa kaizari wa Roma ya magharibi. Baba yake, Olybrius, alikalia kiti hicho mwaka 472, akafariki kabla mwaka haujaisha. Mwaka 512 watu waliomchukia Anastasius, kaizari wa Roma ya mashariki, walifika hadi nyumbani kwa Juliana wakitaka mumewe, Areobindus, atawazwe. Wakakuta mume ameshakimbia. Basi utawala haukurudi tena katika nyumba ile.

Lakini mama huyu alijenga. Kanisa lake la Mtakatifu Polyeuktos alilizungushia shairi la mistari 76, limechongwa katika marumaru kati ya majani ya mzabibu na tausi, likitaja ukoo wake na kusema amemshinda hata Sulemani. Kwangu mimi hayo ni majivuno mno. Hata hivyo, wajenzi walipochimbua mawe yake mwaka 1960, maneno hayohayo ndiyo yaliyowatambulisha wataalamu kanisa ni la nani.

Ninachokipenda zaidi ni kitabu. Wakazi wa Honorata, mtaa wa Konstantinopoli, aliowajengea kanisa la Bikira Maria, walimtunuku kitabu cha mitishamba cha tabibu Dioscorides, chenye picha karibu 400 za mimea. Mwanzoni yumo Juliana mwenyewe, ameketi kati ya wanawake wawili, mmoja Ukarimu, mwingine Busara. Mtoto mdogo mwenye mabawa amemwinulia kitabu kilichofunguliwa, naye Juliana anadondosha sarafu za dhahabu juu ya kitabu hicho. Miguuni pake mtu amepiga magoti, anambusu mguu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapoingia wewe. Kitabu hakikufungiwa kabatini. Karibu miaka 900 baadaye, mwaka 1406, kilikuwa hospitalini mjini humo, na aliyeomba kijalidiwe upya kwa sababu kimechakaa ni mtawa Nathanael, muuguzi. Muuguzi, mwanangu! Baadaye wengine wakaongeza pembeni majina ya mimea kwa Kiarabu na Kituruki, na daktari wa Sultani Suleiman, Myahudi Moses Hamon, akawa nacho. Mwaka 1569 kilinunuliwa kikapelekwa Vienna, na kingali huko.

Picha zake zimo kwenye intaneti. Tafuta ya marijani, imechorwa baharini kama mti wenye matawi, kisha unipigie Jumapili uniambie umeionaje. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Ni mimi baba yako.